Gado, Abunuwasi na Msomaji wa Gusii: Lugha katika Hadithi za Picha

Uchambuzi wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umekwisha kuzipa nafasi riwaya, tamthilia na ushairi, na baada ya mabishano mengi umeipokea pia fasihi simulizi. Utanzu mmoja bado umesimama mlangoni. Hadithi za picha, yaani masimulizi yanayokwenda kwa mfululizo wa michoro na maneno machache yaliyotiwa ndani ya viputo, aghalabu huhesabiwa kuwa ni mchezo wa watoto au kichekesho cha kupitisha wakati. Dharau hiyo imewanyima wataalamu wa lugha mahali pazuri pa kuchunguzia jambo lisiloonekana kwa urahisi kwingineko: lugha hufanya nini inapopewa nafasi ndogo kabisa, na sehemu kubwa ya kazi yake ikachukuliwa na jicho?

Makala haya yanamwangalia msanii mmoja, Godfrey Mwampembwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Gado, na hasa kitabu chake cha Kiswahili, Abunuwasi, kilichotolewa Nairobi mwaka 1996. Kipimo kitakachotumiwa si msomaji wa Dar es Salaam wala wa Mombasa. Ni msomaji wa Kisii na Nyamira, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Ekegusii, na ambaye Kiswahili amekipata sokoni, barabarani na darasani. Msomaji wa namna hii ndiye aliye wengi nchini Kenya, na mchoraji anayetaka kujitegemea kwa kazi ya Kiswahili hana budi kumfikia.

Gado hakuanza katika uwanja mtupu. Wasomaji wa Taifa Leo walikwisha kumjua Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gitau, ambaye kwa miongo mingi alichekesha kwa Kiswahili chepesi cha kila siku. Jina lenyewe ni fundisho la historia ya lugha: juha ni neno lililotoka Uarabuni pamoja na visa vya mjinga mwerevu, na kalulu ni sungura katika lugha za kusini, kama vile Kichewa. Wajanja wawili wa fasihi simulizi wakaunganishwa kuwa mjinga mmoja wa mjini. Upande wa Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na katika miaka ya 1980 jarida la Sani likawakusanya wachoraji waliopendwa sana na vijana, miongoni mwao Philip Ndunguru. Nairobi nayo ilikuwa na jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likafa mwaka 1979. Hirst, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa sanaa kabla ya kuingia katika uchapishaji, aliendelea na mfululizo wa vitabu ulioitwa Pichadithi, uliochukua ngano za jamii mbalimbali na kuzitia katika picha. Mmoja wa mashujaa wa mfululizo huo alikuwa Abunuwasi huyuhuyu. Lakini Pichadithi zilisema Kiingereza. Ni ajabu kidogo kwamba mjanja aliyekaa katika Kiswahili kwa vizazi alikivaa Kiingereza kwanza ndipo akaingia katika kitabu cha picha cha Nairobi.

Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kuuza michoro kwa magazeti ya huko akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1991 aliingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo, lakini hakumaliza. Mwaka uliofuata alihamia Nairobi kufanya kazi na kampuni ya magazeti ya Nation, na huko akawa mchoraji wa vibonzo vya siasa anayesomwa kuliko wengi katika eneo hili lote. Wanaomjua kwa vibonzo hivyo humjua kwa Kiingereza, kwa kuwa Daily Nation na The East African ni magazeti ya Kiingereza. Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Mtu aliyekulia katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya nyumba, ya mtaa na ya serikali alivuka mpaka, na riziki yake ikategemea lugha nyingine. Kitabu cha Abunuwasi ni mahali alipoirudia lugha yake ya kwanza ya kazi, na alifanya hivyo mbele ya wasomaji ambao wengi wao hawakuzaliwa nayo.

Kilichowezesha jambo hilo ni kampuni ndogo ya uchapishaji ya Nairobi, Sasa Sema, iliyoanza mwaka huohuo wa 1996 kwa nia ya kutoa vitabu vya picha kwa Kiswahili. Abunuwasi kilikuwa miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo, na wachoraji wengine wakafuata. Ruth Wairimu Karani, kwa mfano, alitoa Macho ya Mji. Mwaka 1999 mtaalamu wa Kijerumani, Rose-Marie Beck, aliuliza kuhusu vitabu vya aina hii swali ambalo halijachakaa: je, hizi ni hadithi za picha zilizoandikwa kwa Kiswahili tu, au ni hadithi za picha za Kiswahili hasa? Tofauti si ndogo. Ya kwanza ni umbo la kigeni lililovishwa maneno ya hapa. Ya pili ni umbo lililoota katika usimulizi wa hapa.

Kwa Abunuwasi, jibu haliwezi kuwa la upande mmoja. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, aliyeishi zama za Harun al-Rashid na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9. Katika pwani ya Afrika Mashariki mshairi huyo alisahauliwa akabaki mjanja, visa vya Juha vikamrundikia, na kitabu cha Hekaya za Abunuwas kikamwingiza katika madarasa ya enzi ya ukoloni hata akafika bara, mahali ambapo hapakuwa na msimulizi wa Kiswahili. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuhama mara mbili kabla ya Gado kumpa sura: kutoka ushairi kwenda ngano, na kutoka mdomo kwenda maandishi. Safari ya tatu ndiyo inayomhusu mwanaisimu, maana inabadili sarufi.

Uchukuliwe mfano wa kisa kinachojulikana sana, kile cha sufuria iliyozaa. Msimulizi atasema: Abunuwasi akaenda kwa jirani, akaazima sufuria, akapikia, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo ndani yake. Katika sentensi hiyo moja kiambishi -ka- kimetokea mara nne, na kila mara kimesogeza wakati hatua moja mbele. Huu ndio uti wa mgongo wa masimulizi ya Kiswahili, nao ndio unaofundishwa katika insha za shule. Sasa kisa hichohicho kitiwe katika picha. Visanduku vinne vinatosha, na hakuna -ka- hata moja iliyobaki. Mstari unaotenga kisanduku na kisanduku ndio uliochukua kazi yake. Yanayobaki ndani ya viputo ni mazungumzo: naomba sufuria yako, imezaa, haiwezekani, na baadaye, imekufa. Mwenye sufuria anapouliza kama sufuria hufa, na kujibiwa kwa swali kama sufuria huzaa, kisa kizima kinasimama juu ya -me- na hu-, na juu ya kiimbo ambacho mwandishi hana alama ya kukionyesha ila ile ya kuuliza, lakini mchoraji anaweza kukionyesha kwa nyusi.

Hasara ipo, nayo isifichwe. Mwanzo wa paukwa na pakawa, itikio la wasikilizaji, sauti ya msimulizi anayejua kunyamaza panapofaa, vyote hivyo havina kisanduku. Faida ni kwamba msomaji hupata Kiswahili cha watu wanaosemezana. Kwa mtoto wa Lamu hiyo si zawadi kubwa, kwa sababu anakisikia kila siku akiwa uani. Kwa mtoto wa Nyamira hali ni nyingine.

Kisii na Nyamira zilikuwa wilaya moja mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu mwaka 2013 ni kaunti mbili zenye serikali zake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliipa Kisii wakazi 1,266,860 na Nyamira 605,576. Lugha yao ni ya Kibantu, lakini imezungukwa karibu pande zote na lugha zisizo za Kibantu: Dholuo upande wa ziwa, Kikipsigis upande wa Kericho na Bomet, Kimaasai upande wa kusini mashariki. Mkulima wa ndizi anayeuza Kisii mjini, mchumaji wa majani ya chai wa Nyansiongo, mchonga mawe wa Tabaka anayemngoja mnunuzi kutoka Nairobi, kila mmoja anakihitaji Kiswahili mara tu anapotoka nje ya lugha yake. Lakini Kiswahili hicho ni cha kazi fupi: bei, njia, nauli, salamu. Kiswahili kirefu ni cha shule. Tangu mfumo wa elimu wa mwaka 1985 ulipokifanya kuwa somo la kutahiniwa kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, kimekuja na methali za kukariri, ngeli za kujaza mapengo na orodha za tanakali za sauti. Baina ya Kiswahili cha nauli na Kiswahili cha mtihani kuna nafasi iliyo wazi, na nafasi hiyo ndiyo ambayo hadithi ya picha ingeweza kuijaza.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi picha inavyoweza kufanya kazi ya mwalimu. Katika Ekegusii, baba ni mama. Mtoto anayemwita mama yake husema baba, na baba yake humwita tata. Ingawa wapo watoto wa mjini ambao siku hizi wameyachukua maneno ya Kiswahili, katika nyumba nyingi mpangilio wa zamani ungali hai. Mtoto huyo anapofungua kitabu cha Kiswahili chenye maandishi matupu na kukutana na sentensi kama vile baba alikasirika, hana budi kufanya tafsiri ya kujikana: neno analolijua kwa mapenzi ya kwanza kabisa lazima aligeuze limtaje mtu mwingine. Maandishi hayamsaidii, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hakibagui jinsia. Alikasirika ni yeyote kati ya wawili hao. Katika hadithi ya picha mkia wa kiputo hutoka kwa mtoto, neno baba limo ndani yake, na anayegeuka kuitika ana ndevu. Fumbo limefumbuliwa bila kamusi na bila kukaripiwa.

Tanakali za sauti zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo faida na ugumu vimefungamana. Hadithi ya picha haiwezi kwenda bila maneno kama pu, tifu, chubwi na ndi. Mwanafunzi wa Kenya huyajua maneno haya kwa njia isiyo ya kawaida: huyakariri kama majibu. Anguka mchangani, tifu. Anguka majini, chubwi. Kwa miaka yote ya mtihani wa KCPE, uliofikia mwisho wake mwaka 2023, alipata alama kwa kuoanisha kitenzi na mlio wake, kana kwamba mlio ni kisawe cha kuhifadhiwa. Mchoraji huurudisha mlio mahali pake. Herufi za pu zinapotanuka na kupinda pamoja na mwili unaoanguka, msomaji hakumbuki jibu, anasikia.

Lakini anasikia kwa masikio gani? Mfumo wa sauti wa Ekegusii hauna p, hauna f wala v, hauna z, na l haimo. Hata g na b za kawaida hutamkwa kwa kulegezwa, hewa ikipita bila kuzuiwa kabisa. Kwa hiyo pu na tifu, ambazo kwa msemaji wa pwani ni mwigo wa moja kwa moja wa kitu kinachogusa ardhi, kwa msemaji wa Ekegusii zimejengwa kwa sauti za kujifunza. Chubwi, yenye ch na w, i karibu naye zaidi. Haifai kudai kwamba hawezi kuzitamka. Msomi yeyote wa Kisii huzitamka bila taabu. Hoja ni kwamba tanakali ni sehemu ya lugha inayodai kuwa haikufundishwa, kwamba ni mlio wenyewe, na dai hilo huonekana kuwa la uongo mara tu linapovuka mpaka wa lugha. Wanaisimu wamelisema hili katika makala mengi kwa mifano ya kubuniwa. Kitabu cha picha cha Kiswahili kilichofunguliwa Nyamira ni ushahidi usiohitaji kubuniwa.

Je, isingekuwa bora basi mchoraji wa Gusii achore kwa Ekegusii? Swali hili huulizwa kwa uchungu na wapenzi wa lugha za nyumbani, na halistahili kujibiwa kwa mkato. Masimulizi yapo, emegano, ngano za Abagusii, zina mazimwi na wanyama wajanja wa kujaza vitabu vingi. Wasikilizaji nao wapo, kama inavyothibitishwa na redio za Ekegusii kama Egesa FM. Ila redio haina tahajia. Ekegusii ina irabu saba, na maandishi yake ya kawaida yana herufi tano za irabu. Toni, ambayo hutenga maana, haiandikwi. Katika aya ndefu msomaji husaidiwa na maneno ya jirani. Katika kiputo chenye maneno matatu jirani ni wachache. Picha husaidia, lakini si kila mara, hasa panapokuwa na mzaha unaotegemea neno moja. Tena kuna suala la nafasi, ambalo huonekana dogo kwa asiyewahi kuandika herufi ndani ya kiputo kwa mkono. Nomino za Ekegusii hubeba irabu ya mwanzo pamoja na kiambishi cha ngeli: mtu ni omonto, watu ni abanto. Herufi tatu zimekuwa sita, nne zimekuwa sita. Kiputo hutanuka, uso wa mhusika hufinywa, na mchoraji huanza kuchagua baina ya neno na jicho.

Yote hayo yana dawa. Kisicho na dawa rahisi ni soko, na hapo ndipo maisha ya Gado yanapofundisha zaidi kuliko kitabu chake. Uhuru wa mchoraji wa hadithi za picha katika Afrika Mashariki umefungwa na swali la nani hununua lugha. Kiingereza hununuliwa na magazeti. Ndicho kilichomlisha Gado kwa zaidi ya miaka 20. Kiswahili cha vitabu hununuliwa na shule, na si ajabu kwamba Sasa Sema, pamoja na nia yake ya kumfikia msomaji wa kawaida, baadaye iliingia chini ya Longhorn, mchapishaji wa vitabu vya kiada. Frank Odoi, Mghana aliyeishi Nairobi na kufa huko mwaka 2012, msanii wa hadithi za picha kwa maana kamili kuliko Gado, alimchora Akokhan wake kwa Kiingereza na kuutegemea ukurasa wa gazeti. Sheng ilipata kitabu chake mwaka 2010, Shujaaz, lakini kiligawiwa bure na kulipiwa na wafadhili. Anayenunua hapo si msomaji.

Gazeti nalo si kimbilio la kudumu. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilizuia The East African kusambazwa nchini humo, wakati ambapo kibonzo cha Gado kumhusu Rais Kikwete kilikuwa kimezua ghadhabu, na mwaka 2016 mkataba wake na kampuni yake ya Nairobi haukuendelezwa. Mwaka huohuo alipewa Geneva tuzo ya kimataifa ya wachora vibonzo pamoja na Zunar wa Malaysia. Alikuwa amekwisha kujijengea mlango wa pili: kipindi cha vikaragosi cha XYZ, kilichoanza katika televisheni mwaka 2009, ambamo wanasiasa husema Kiingereza, Kiswahili na Sheng kwa mchanganyiko ambao hakuna mhariri wa gazeti angeuruhusu. Inastahili kuangaliwa kwamba alipopata chombo chake mwenyewe, kitu cha kwanza kilicholegea ni mpaka wa lugha.

Mchoraji anayeanza leo mjini Kisii ana mada iliyo tayari mlangoni pake. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni, katika nchi hiyohiyo. Husimuliwa kwamba Moraa, mwanamke mwenye kuagua, ndiye aliyemtia moyo. Northcote alipona, na majeshi yakaja kulipiza kisasi. Kila kitu cha hadithi ya picha kimo: vilima, mkuki, farasi, moto. Lakini kabla ya kuchora kisanduku cha kwanza mchoraji huyo atapaswa kuamua Moraa aseme kwa lugha gani. Akisema Ekegusii, kitabu kitaishia Nyamira na Kisii, na irabu mbili zitakosa herufi. Akisema Kiswahili, kitasomwa mpaka Dar es Salaam, na Otenyo, akimwita mama yake kwa neno la nyumbani, ataonekana anamwita baba. Na Northcote, ambaye alihitaji mkalimani ili aeleweke, atakuwa anasema lugha ileile na watu wa Gusii katika kiputo chenye umbo lilelile, isipokuwa mchoraji apate njia ya kuiandika herufi yake tofauti.